Kufanana Si Kinga

Kila taifa letu linapopata mtikisiko, hurudiwa maelezo yaleyale ya namna tulivyofika hapa tukiwa wamoja. Tuna makabila zaidi ya 120, husemwa, lakini Mwalimu Nyerere alitupa lugha moja, akafuta uchifu, akatuchanganya shuleni na katika Jeshi la Kujenga Taifa, na tangu hapo sisi ni ndugu. Maelezo hayo yana ukweli mwingi na hayastahili kubezwa. Hata hivyo yamezaa imani moja ya hatari, kwamba umoja ni zao la kufanana, na kwamba kadiri watu wanavyokuwa na lugha moja, desturi moja na mawazo mamoja, ndivyo wanavyokuwa salama. Mtu anayekaa Arusha ana sababu za pekee za kuitilia shaka imani hiyo. Katika majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, iliketi Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyofanya kazi mjini hapa kuanzia 1995 hadi 2015. Septemba 2, 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na ikawa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mashahidi kutoka vijijini walieleza kwa Kinyarwanda yaliyowapata, na Wanyarwanda waliokaa kizimbani hawakuhitaji mkalimani ili kuwaelewa. Waliouawa na waliowaua walikuwa na lugha moja, wengi walisali makanisa yaleyale, na walilima vilima vilevile. Somalia nayo ina lugha moja na dini moja, na dola yake ilisambaratika mwaka 1991. Kama kufanana kungekuwa kinga, nchi hizo mbili zingekuwa za mwisho kuvunjika, na Tanganyika, yenye lugha zake zaidi ya 100, ingekuwa ya kwanza.

Basi kinga ni nini? Jibu ninalotaka kulitetea hapa ni kwamba umoja wa watu hulindwa na kuwapo kwa mahali ambapo mwenye dai anaweza kulipeleka, akasikilizwa na watu ambao hawana budi kumjibu. Lugha ya pamoja husaidia kwa sababu hurahisisha dai kusafiri, lakini lugha peke yake haina masikio. Historia ya Mlima Meru na mji ulio chini yake inaonyesha jambo hili kwa uwazi usio wa kawaida. Palipokuwa na pa kwenda kusikilizwa, watu wa lugha zisizoelewana kabisa wameoana na kugawana maji. Palipokosekana, watu wa lugha moja, kanisa moja na hata ukoo mmoja wamechomeana nyumba.

Mlima huo, wenye urefu wa takriban mita 4,566, umebeba kwa muda mrefu jamii mbili kubwa. Waarusha wako upande wa magharibi na kusini, na lugha yao ni Kimaa, lugha ya Wamasai. Wameru wako upande wa mashariki na kusini-mashariki, Tengeru, Akeri, Nkoaranga hadi King'ori na Ngarenanyuki, na lugha yao ni ya Kibantu, jirani ya Kichagga. Ni lugha zilizo mbali mno, kiasi kwamba mtu wa moja hawezi kuotea hata neno la nyingine. Waarusha walipanda mlimani wakitokea Arusha Chini mnamo miaka ya 1830, wakawakuta Wameru wamekwisha kukaa. Karne ile haikuwa ya amani. Waarusha walivamia, walipora ng'ombe, waliteka. Lakini polepole vijana wa Kimeru wakaingia katika mfumo wa marika wa majirani zao, wakatahiriwa kwa majira yao na kupewa majina ya rika moja nao. Mwaka 1896 vijana wa pande zote mbili walishiriki kuwaua wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliokuwa wamefika Akeri. Wajerumani walilipiza kwa ukatili mkubwa, na Machi 2, 1900 viongozi wa Meru na Arusha walikuwa miongoni mwa walionyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa huko. Wapo watakaosema ni adui yule mmoja aliyewaunganisha. Siamini hivyo, kwa kuwa adui huunganisha kwa msimu, na Mjerumani aliondolewa katika Vita Kuu ya Kwanza huku ndoa, masoko na mifereji ya pamoja ikiendelea kama kawaida.

Kilichodumu kilikuwa kitu kisichopigiwa ngoma, nacho ni mabaraza. Mtaalamu wa elimu ya jamii P. H. Gulliver, aliyefanya kazi kwa serikali ya Tanganyika katika miaka ya 1950, aliishi kwa Waarusha na mwaka 1963 alitoa kitabu kizima kuhusu namna walivyomaliza ugomvi. Alichokuta hakikufanana na mahakama. Hapakuwa na hakimu. Mwenye mgogoro wa mpaka wa shamba, mahari au urithi alikusanya watu wake, wa ukoo au wa rika, na mwenzake akakusanya wake. Wasemaji waliochaguliwa, laigwanani, walizungumza kwa zamu mbele ya wote mpaka ikapatikana hatua ambayo pande zote mbili ziliweza kuikubali. Jambo likishindikana kwenye baraza la ukoo lilipelekwa kwenye la rika au la mtaa, na mahakama za serikali ya kikoloni zilikuwapo kwa aliyetaka. Mfumo huo haukuwa wa haki tupu. Mwenye watu wengi na wasemaji hodari aliondoka na zaidi ya alivyostahili, na sauti ya mwanamke ilipitia kwa mwanamume. Ila ulikuwa na sifa moja ambayo vyombo vingi vya leo havina, nayo ni kwamba hapakuwa na namna ya kumwambia mlalamikaji arudi nyumbani anyamaze. Mtu mzima aliyeleta shauri ilibidi ajibiwe, tena hadharani, na watu atakaokutana nao kesho kwenye mfereji.

Tunaposema utamaduni katika hotuba za siku hizi, mara nyingi tunamaanisha ngoma, mavazi na chakula. Hivyo ni vizuri na vina nafasi yake, lakini utajiri mkubwa zaidi wa tamaduni zetu uko katika njia ambazo kila jamii ilibuni za kusikiliza. Wameru walikuwa na zao kupitia koo na Mangi, Wasonjo walikuwa na zao za kugawa maji, Wachagga walikuwa na zao kwenye mifereji ya Kilimanjaro. Taifa linaloziona tofauti hizo kuwa mzigo wa kuvumiliwa linajinyima hazina ambayo haliwezi kuinunua popote.

Sasa tutazame shauri ambalo mabaraza ya mlimani hayakuweza kulimaliza, kwa kuwa aliyelalamikiwa alikuwa serikali yenyewe. Mwaka 1942 Waingereza waliwapokea Tengeru, katikati ya nchi ya Wameru, wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa Siberia na Wasovieti na kupitia Iran. Makaburi yao yapo hadi leo na yanatunzwa. Ilikuwa tendo la kibinadamu, na wakazi wa jirani waliishi nao kwa miaka kadhaa. Lakini miaka tisa baadaye serikali hiyohiyo iliyopata nafasi ya maelfu ya wageni iliamua kwamba hapakuwa na nafasi ya Wameru wapatao 3,000 huko Engare Nanyuki, ndiyo Ngarenanyuki ya leo, upande wa kaskazini-mashariki mwa mlima, kwenye ardhi ambayo sehemu yake walikuwa wameilipia kwa fedha zao. Mpango ulikuwa kutenga eneo moja lisilokatika kwa ajili ya mashamba ya walowezi, wakiwamo Makaburu ambao jamaa zao walikuwa wameanza kufika tangu mwanzo wa karne. Novemba 1951 askari waliingia, nyumba zikateketezwa, mifugo ikafa, na watu wakaelekezwa King'ori, sehemu kame yenye maradhi ya mifugo. Wameru walikataa kuondoka kwa hiari, wakakataa pia kupigana. Waliketi mpaka wakatolewa.

Walichofanya baadaye ndicho kinachofaa kusomwa na kila anayejiuliza taifa hili lilitoka wapi. Walichanga fedha, wakaunda chama cha raia wa Meru, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York pamoja na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na ofisi yake Moshi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo mkazi wake alikuwa na haki ya kupeleka maombi mbele ya Baraza la Udhamini. Japhet akawa Mtanganyika wa kwanza kusimama pale na kueleza dhuluma. Shauri lilifika hadi Baraza Kuu, ambako Desemba 1952 azimio la kuwatetea Wameru lilikosa theluthi mbili ya kura zilizohitajika. Kwa maana ya ardhi, walishindwa. Lakini Japhet aliporudi alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akieleza kesi, na watu ambao hawakuwa wamewahi kuuona Mlima Meru wakaielewa mara moja, kwa sababu nao walikuwa na Engare Nanyuki zao, ndogo na kubwa. Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, kililibeba shauri hilo. Julai 7, 1954 kikageuka TANU, na Machi 1955 Nyerere naye akasimama mbele ya Baraza lilelile la Udhamini kudai nchi nzima.

Katika simulizi hiyo yote hakuna mahali ambapo Wameru waliambiwa waache kwanza Umeru wao ndipo dai lao liwe la taifa. Walikwenda kama Wameru, kwa fedha za kahawa yao, kwa shauri la kijiji chao, na ni hapo hasa lilipopata nguvu ya kuwa shauri la wote. Huwa tunafundishwa kwamba utaifa ulianza pale ukabila ulipowekwa kando. Kwenye mlima huu mambo yalikwenda kinyume. Dai la kabila moja dogo lilipokewa na makabila mengine kama lao, na katika kulipokea wakajikuta ni taifa. Anaweza kutokea mtu akasema kwamba kusikilizwa huko New York hakukuwasaidia kitu, maana mashamba yalibaki kwa walowezi. Ni kweli kwamba kusikilizwa hakukurudisha shamba hata moja mwaka ule. Ila kulifanya jambo ambalo dhuluma ya kimyakimya haiwezi kulifanya. Kulimlazimu mtawala ajieleze mbele ya dunia, kukaweka maneno ya mnyonge kwenye kumbukumbu rasmi, na kukawapa Wameru sababu ya kuendelea kuamini maneno badala ya mapanga, na hilo katika mwaka uleule ambao Kenya jirani ilitangaziwa hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau na ardhi.

Miaka 40 baadaye mlima huohuo ulitoa ushahidi wa upande wa pili, na ni mchungu zaidi. Ulutheri wa Meru ulianzishwa na misioni ileile ya Leipzig iliyopoteza watu wake 1896 na kurudi 1902. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Wameru walikuwa Walutheri, ndani ya Dayosisi ya Kaskazini yenye makao Moshi. Waumini wengi walitaka dayosisi yao. Waarusha walikwisha kupata chombo chao cha kanisa tangu miaka ya 1970, na Wameru waliona kwamba michango inakwenda Moshi na uamuzi unatoka Moshi. Maombi yalipochukua muda bila jibu la kuridhisha, kundi moja likajitangazia dayosisi yake, lingine likabaki tiifu kwa uongozi wa awali. Kati ya 1990 na 1993 mlima uligawanyika. Makanisa yaligombaniwa, nyumba na mali ziliharibiwa, watu wakapoteza maisha, na polisi wakatumwa. Waliopigana walikuwa Wameru kwa Wameru, Walutheri kwa Walutheri, mara nyingine ndugu wa boma moja. Mwaka 1992 Dayosisi ya Meru ilianzishwa rasmi ndani ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, na waliobaki nje wakaishia kuunda kanisa lao lililosajiliwa. Yaani lililoombwa tangu mwanzo lilikuja kutolewa, ila baada ya damu.

Wapo wanaousoma mgogoro ule kama ukabila wa Meru na Wachagga, hivyo kuwa ushahidi kwamba tofauti ndizo zinazotugombanisha. Usomaji huo una chembe ya ukweli, kwa kuwa manung'uniko dhidi ya Moshi yalivaa vazi la kabila. Lakini moto haukuwaka kwenye mpaka wa Meru na Uchagga. Uliwaka ndani ya Meru kwenyewe, baina ya watu wasio na tofauti yoyote ya lugha, dini wala asili. Kama tofauti ndiyo ingekuwa petroli, hapo hapakuwa na tone. Kilichokuwapo ni dai la muda mrefu lililozungushwa, na viongozi wa pande zote waliofika mahali pa kuona kwamba anayeketi kusikiliza ameshindwa. Ukiweka tukio hili kando ya lile la 1951 unapata jambo gumu kulikwepa. Watu walewale, juu ya mlima uleule, walipodhulumiwa na serikali ya kigeni walibaki wamoja bila fimbo kuinuliwa, na walipogombana kuhusu dayosisi wakaumizana. Utamaduni wao haukubadilika katikati ya miaka hiyo. Njia ya kupeleka dai ndiyo iliyokuwa imebadilika.

Ushahidi wa namna hii hautoki Meru tu. Mwaka 2004 mchumi wa Kimarekani Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha wilaya mbili, Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, zenye jiografia na mchanganyiko wa makabila unaokaribiana. Busia, sehemu zenye makabila mengi zilichangia kidogo zaidi kwa ajili ya shule kuliko zenye kabila moja. Meatu, mchanganyiko haukuwa na madhara hayo. Utafiti huo hutajwa sana kuthibitisha kazi ya Kiswahili na ya mtaala mmoja wa shule, na ni haki kuutaja hivyo. Ila Miguel alitaja pia jambo ambalo wengi hulipita haraka, nalo ni mageuzi ya serikali za mitaa. Baada ya uchifu kufutwa mwaka 1963, kijiji cha Tanzania kikaja kuwa na halmashauri inayochaguliwa, ambamo mhamiaji na mwenyeji wana kura moja moja. Mnyiramba aliyehamia kwa Wasukuma alikuwa na kikao cha kwenda kuuliza fedha za darasa zimeliwa na nani. Katika mji wa Arusha, uliokuwa na watu 617,631 kwa sensa ya 2022, wengi wao wakiwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji, mtu wa Kaloleni, Ngarenaro au Unga Limited haulizwi kabila lake kabla ya kupewa nafasi ya kusema kwenye mkutano wa mtaa. Sensa yenyewe haiulizi kabila wala dini tangu ile ya 1967. Hilo ni jambo la kujivunia, na nadhani limefanya kazi kubwa kuliko nyimbo zote za umoja.

Hapo ndipo inapotokea hoja nzito zaidi ya upinzani, inayosemwa kwa nia njema na wazee wengi: katika wakati mgumu, kuruhusu kila kundi litoe dai lake ni kuchochea. Kwanza tutulie, amani irudi, madai yatafuata. Ninaielewa hofu hiyo. Aliyeona Kenya ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, ambako watu zaidi ya 1,000 waliuawa baada ya uchaguzi, hawezi kuidharau. Sheria yetu ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakataza chama kujengwa juu ya kabila, dini au eneo, na ni sheria nzuri. Lakini kukataza chama cha kabila ni jambo moja, na kumkataza Mmasai, Mmeru au Mpare asieleze kilichompata ni jambo jingine. Tena Kenya yenyewe haikulipuka kwa sababu watu walisema mno kuhusu ardhi ya Bonde la Ufa. Ililipuka baada ya miaka mingi ya ardhi hiyo kutozungumzwa kwa uaminifu, na baada ya watu kupoteza imani kwamba mahakama ingeweza kuamua uchaguzi. Kunyamaza hakuui dai. Hulinyima tu mlango wa mbele.

Kinachotisha zaidi siku hizi ni njia mpya ya kunyamazisha, ya kugeuza utamaduni wa mtu kuwa shaka juu ya uraia wake. Mwaka 2022, serikali ilipoweka mipaka ya eneo la kilometa za mraba 1,500 huko Loliondo, askari mmoja aliuawa, wafugaji kadhaa walijeruhiwa, na wengi wakavuka mpaka kuingia Kenya. Serikali ilikuwa na hoja ya uhifadhi ambayo si ya kupuuzwa, kwani Hifadhi ya Ngorongoro iliyo jirani ina watu na mifugo wengi mno kuliko ilivyokuwa nao mwaka 1959 ilipoanzishwa, na utalii unalisha maelfu ya familia za Arusha. Wafugaji nao walikuwa na hoja ya makao na malisho. Hoja mbili za namna hiyo zina pa kukutana. Lakini mitandaoni zilisambaa sauti zilizodai kwamba wafugaji hao ni Wakenya, wasio na haki ya kudai lolote. Maneno hayo ndiyo ufa wenyewe. Mtu akinyimwa uraia kwa maneno ili asijibiwe kwa hoja, kila kabila lililo karibu na mpaka, na Tanzania imezungukwa na mipaka, linajua kwamba zamu yake inaweza kufika. Ni bahati kwamba shauri la ardhi hiyo lilikuwa limekwisha kupata pa kwenda tangu 2017. Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha, ililitupa Septemba 2022, na Novemba 2023 kitengo chake cha rufaa kikaamuru lisikilizwe upya. Agosti 2024, wakazi wa Ngorongoro walipojikuta vijiji na kata zao zimeondolewa kwenye orodha ya serikali, Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha tangazo hilo. Si ushindi wa upande wowote. Ila maelfu ya wakazi waliokuwa wakiandamana barabarani walikuwa na karatasi ya kushika mkononi.

Kisha ikaja Oktoba 29, 2025. Siku ya uchaguzi mkuu maandamano yaligeuka ghasia katika miji kadhaa, Arusha ikiwamo. Watu waliuawa, idadi yao ikawa na ubishi mkali, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na Novemba Rais akaunda tume ya uchunguzi. Mengi kuhusu siku zile yataandikwa na wengine. Kwa hoja hii ninasema moja tu: mstari uliotenganisha watu haukuwa wa kabila wala wa dini. Kijana aliyekuwa barabarani na askari aliyekuwa mbele yake walizungumza Kiswahili kimoja, walisoma vitabu vilevile vya uraia, na walikua wakisikia hotuba zilezile za amani. Kila tulichokitegemea kituunganishe kilikuwapo, na hakikutosha. Anayetaka kuwalaumu wageni, au kusema vijana wamesahau maadili, anatafuta sababu kila mahali isipokuwa kwenye swali la wapi kijana huyo alikuwa amepeleka dai lake kabla ya siku ile na nani alimjibu.

Upo pia mtazamo kwamba Arusha hushikamana kwa sababu ya fedha za watalii, na kwamba zikikauka tutaona rangi halisi ya watu. Jaribio hilo lilikwisha kufanyika. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliwapunguza watalii nchini kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi takriban 620,000. Madereva, wapagazi, wapishi wa safari na wachonga vinyago walikaa bila kazi kwa miezi. Watu waliumia sana, lakini mitaa haikugeukiana kwa makabila yake. Njaa peke yake haikutosha kuwagombanisha watu ambao hawakuona aliyewadhulumu.

Ndiyo maana ninaamini kazi kubwa ya umoja kwa sasa iko kwenye vyombo vidogo ambavyo havipati kamera. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliweka katika kila kijiji baraza la ardhi lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na hivyo kusahihisha kasoro moja kubwa ya mabaraza ya kale. Juu yake yapo mabaraza ya kata. Mwaka 2021 marekebisho ya sheria yaliondoa mamlaka ya baraza la kata ya kuamua migogoro ya ardhi, likabakiwa na usuluhishi, na usipofaulu ndani ya siku 30 mlalamikaji huelekea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sababu zilitolewa, na baadhi zilikuwa za kweli: wajumbe wasiojua sheria, rushwa, maamuzi yanayobatilishwa baadaye. Lakini matokeo yake ni kwamba mjane wa Ngarenanyuki aliyesogezewa mpaka wa shamba, usuluhishi ukishindwa, analazimika kufuata haki hadi wilayani, kwa nauli yake, pengine akihitaji mtu wa kumwandikia maombi. Mwenye fedha hana shida na safari hiyo. Kama wajumbe hawakujua sheria, wangeweza kufundishwa na kulipwa posho inayowawezesha kukataa bahasha, na baraza la wilaya lingeweza kupewa gari na ratiba ya kuketi huko King'ori na Ngarenanyuki siku za soko, ambapo Mmeru, Mwarusha na Mmasai wote hufika. Bunge linaloweza kubadili sheria mwaka 2021 linaweza kuibadili tena, na wabunge wa majimbo yanayozunguka mlima huu wana sababu, na wana historia, ya kuwa wa kwanza kuleta muswada.